Koti Lisilo na Mgongo

Kabla sijawaambia habari ya makoti ya askari wa Kihindi, niwaambie kwanza juu ya mtu mmoja wa Bukavu aliyetoka kutoa sadaka akitembea kinyumenyume. Mtanivumilia, wanangu mnaojifunza sindano kwangu. Mkiona mzee ameanza hadithi palepale inapoanzia, jueni kuna mtu amemwandikia.

Mtu huyo jina lake Chuma, mtengeneza baiskeli. Alikuwa anatafuta mke, na baba wa msichana alikuwa shemasi. Donc, Jumapili moja Chuma akaingia kanisani amevaa koti jeusi, vifungo vinne vinang'aa, akakaa benchi la mwisho kabisa, mgongo kwenye ukuta. Ikafika sadaka. Kwetu sadaka haipitishwi kwenye kikapu kama mnavyoona hapa Buffalo. Watu wanasimama, wanaimba, wanakwenda mbele wakicheza, benchi kwa benchi. Chuma akangoja wote waketi. Akaenda ubavuubavu kando ya ukuta kama kaa, akatia sadaka yake, halafu akarudi kinyumenyume, mgongo ukisugua ukuta uleule, toka mbele mpaka benchi lake, kichwa amekiinamisha. Wamama wakaambiana, angalia kijana mwenye heshima, hata Mungu hampi mgongo. Shemasi alimkubali wiki ileile.

Ukweli ni kwamba koti halikuwa na mgongo. Ninajua kwa sababu ni mimi niliyelishona.

Nilikuwa kijana, nimeacha shule mwaka wa nne, niko chini ya Fundi Mulamba, mtu mfupi mwenye mdomo uliojaa pini. Ukimwuliza swali alikujibu kwa nyusi, maana akifungua mdomo pini zinaanguka. Mlango wa pili kulikuwa na Papa Kasongo, mpiga foto. Kila mtu aliyekuja kwake alitaka kupigwa akiwa na koti, na watu wenye koti walikuwa wachache. Akamwomba Fundi Mulamba koti moja litakalowafaa wanaume wote wa mtaa, wembamba na wanene. Mimi nikacheka. Fundi akatema pini kiganjani, jambo ambalo alifanya mara chache sana, akasema, “Foto haina nyuma.” Akanikatia kitambaa: mbele yote, kola, mikono, mifuko. Nyuma hakuna kitu, ila tepe tatu za kufungia. Mtu mwembamba unamkaza, mnene unamlegezea, na kwenye foto kila mmoja anaonekana koti limeshonwa kwa kipimo chake. Chuma alimwibia Papa Kasongo koti hilo kwa asubuhi moja, akaoa.

Baba yangu pia alipigwa nalo. Alikuwa mbeba mizigo sokoni Kadutu, magunia ya mihogo siku nzima. Mimi mwenyewe nilimfunga zile tepe. Foto ikatundikwa nyumbani juu ya mlango, na mgeni akimwuliza baba alikuwa anafanya kazi ofisi gani, alijibu kwamba ile ofisi ilifungwa. Foto ile ilibaki siku tulipokimbia vita. Bon. Tuendelee.

Nimeshona Bukavu, nimeshona Goma. Goma walikuwako askari wa amani kutoka India, na kambi yao haikuwa mbali na mashini yangu. Walikuwa watu wa suruali fupi kidogo, hawataki pindo liguse kiatu, na pasi lazima ikate kama kisu. Mmoja wao, dereva mwenye ndevu na kilemba, alinifundisha kukunja kilemba kwa sababu alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Kitambaa ni kirefu kama uzio wa bustani. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnavuta mpaka kinalia, mnakunja, mnavuta tena. Ukilegea, yeye anazunguka kichwa na kilemba kinabaki mahali pake. Mimi nilikuwa nimelegea mara mbili tu.

Ule ujuzi wa kushika ncha ya kilemba, ambao niliuona wa bure kabisa, ndio ulionipa kazi Marekani. Kwa hiyo ninyi mnaosema mafunzo haya ya nini, yale ya nini, chukueni yote.

Tulipofika, watu wa kupokea wakimbizi walituweka Louisville, pale Shively. Nilipanga maboksi kwenye ghala kubwa kuliko soko la Kadutu. Halafu tukahamia Columbus, maboksi tena, tofauti ni rangi ya fulana. Halafu binti yangu Furaha akapata nyumba Buffalo, upande wa West Side, zile nyumba za mbao zinazolia upepo ukivuma, na mimi nikafuata. Hapo mtu wa kanisa akaniambia kuna mama mmoja mzungu, Mama Halina, ana karakana ya kushona nguo za michezo ya jukwaani na za maonyesho ya historia. Nikaenda. Akanipa kitambaa na foto ya zamani, akanionyesha kwa vidole: toa hiki kutoka hiki. Nikatoa. Nilikaa kwake mpaka magoti yalipokataa ngazi.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano ikaja kazi kubwa. Familia za Wahindi za miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, zilikubaliana kufanya onyesho la babu zao waliokuwa askari. Ukutani picha, mbele ya picha sanamu iliyovaa nguo ileile. Kuanzia askari wa zamani waliochorwa kwa rangi kabla ya kamera, mpaka wale wa juzi. Mama Halina aliposikia kwamba ninajua kilemba, akanisukumia kazi yote na sanduku la picha.

Nilianza kwa kosa. Askari wa zamani kabisa alichorwa amevaa koti jekundu la sufu, zito, mikanda myeupe miwili kifuani, shingo imebanwa. Chini amevaa kaptura nyeupe isiyofika magotini, miguu mitupu, ndala. Nikadhani mchoraji alichoka kabla ya kumaliza suruali. Watu hawa waungwana, nikasema, haiwezekani watume mtu vitani hivi. Nikamshonea suruali ndefu nzuri, yenye bitana, kwa huruma. Mama Halina akasimama mbele ya sanamu, akaangalia picha, akaangalia suruali, akaniletea mkasi. Kumbe ndivyo walivyovaa: juu baridi ya Ulaya, chini joto la kwao. Sheria ya Mama Halina ilikuwa moja, na ninawaachia na ninyi: unashona kile picha inachoonyesha, hurekebishi wafu.

Wa pili alikuwa askari wa farasi mwenye minyororo ya chuma mabegani, pete kwa pete, ya kuzuia upanga. Niliishona kwa uzi wa viatu. Halafu zikaja kaki. Wanangu, kaki si rangi moja. Kila duka lina kaki yake, na ile ya dukani inang'aa kama gari jipya, inamfanya askari aonekane mlinzi wa benki. Nilichemsha kitambaa kwenye sufuria na majani ya chai, nikaanika kwenye uzio wa karakana, nikakirudia. Mwanzo nilitumia sufuria ya Furaha, na wali wa jioni ile ulikuwa na rangi ya jeshi.

Sasa, namna ya kusoma picha ya askari. Usianze na uso, uso utakudanganya. Anza na vifungo, vihesabu, angalia uzi umepita vipi kwenye matundu. Halafu mifuko. Halafu nenda chini ya kwapa, hapo ndipo koti linaposema ukweli wote. Koti likikubana mgongoni, mikunjo itakimbilia kwapani. Likikupwaya, kola itasimama mbali na shingo. Ukijua kusoma mbele, utajua nyuma ilivyo hata kama hukuiona. Nilikuwa ninajisifia jambo hilo kwa kila mtu, na ndilo lililoniletea matatizo.

Siku moja nilikuwa ninagombana na Furaha kwenye simu. Nilimwambia mjukuu wangu amenijibu kwa Kiingereza mbele ya wageni, yeye anamtetea. Nikasikia sauti nyuma ya sanamu ya koti jekundu.

“Wewe sema polepole. Hiyo mtoto yako iko sawa.”

Nilidhani sanamu imesema. Akatokea mzee wa miaka themanini, ndevu nyeupe, kilemba cha buluu kimefungwa vizuri mpaka nikaona aibu kwa vile vyangu. Nikamwuliza Kiswahili amekitoa wapi. Akacheka. “Mimi Kalasinga ya Nakuru. Kiswahili nimezaliwa nayo. Wewe ndiyo umejifunza mahali mbaya.”

Alikuwa Mzee Harbans, fundi wa magari aliyestaafu, anakaa Kenmore. Kiswahili chake na changu kilikuwa kama watu wawili wanaobeba meza, mmoja mrefu, mmoja mfupi, meza inafika. Kuanzia siku hiyo alikuja na basi karibu kila wiki, anakaa kwenye kiti cha kukatia vitambaa, ananisimamia.

Alileta foto ya baba yake. Baba alikuja Afrika Mashariki na jeshi la Wahindi, kupigana na Wajerumani katika vita vya kwanza, na vita vilipokwisha akabaki. Foto ilipigwa Mombasa. Amesimama, mkono kwenye kiti, ndevu zimechanwa, koti la kaki la vifungo vinne na kila bega nyota mbili. Nyota mbili kwa Wahindi zile siku ni mkubwa wa jeshi. Si mkubwa mdogo.

Na hapa ndipo palipouma. Mzee Harbans alikuwa na mdogo wake Toronto, ng'ambo ya mto tu, na hawakuwa wameongea miaka kumi na moja. Waligombana kwenye arusi. Mdogo alisema mbele ya watu kwamba baba yao hakuwa mkubwa wa kitu chochote, alikuwa mchunga nyumbu wa jeshi, wale wanyama wa kubebea mizigo. Ushahidi wake ulikuwa lori. Baba yao alipozeeka Nakuru alikuwa na lori bovu, na kila asubuhi kabla ya kuliwasha alilipapasa pua na kulipigia ulimi, tk tk tk. Mdogo alisema hakuna mtu mwenye nyota anayempigia lori ulimi. Sasa mdogo alikuwa amekubali kuja siku ya kufungua onyesho Buffalo. Aje tu, Mzee Harbans alisema. Atakuta koti limesimama pale na nyota zake, mbele na nyuma, na atafunga mdomo.

“Nyuma utajua aje?” akaniuliza. “Foto haionyeshi.”

Nikampa ile hotuba yangu ya kwapa. “Mzee, mbele inasema nyuma ilivyo. Mimi nitasikia.”

Alinipa mkono kabisa. Nikaanza kukata. Nilimpima yeye mwenyewe, kwa sababu alisema yeye na baba yake walivaa nguo moja. Sikuangalia kwapa. Mimi ninayewafundisha ninyi muanze na vifungo, siku ile niliangalia nyota na uso wa mzee, nikakata.

Bon. Mama Halina akasema twende na gari Louisville na Columbus kuchukua picha nyingine, kwa kuwa wenyewe hawakutaka kuzituma kwa posta. Nikafurahi, nikavaa tai. Louisville, picha ilikuwa Shively, kwa mama mmoja wa asili ya Nakuru vilevile, na nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka ile niliyokaa mimi. Nilipita mbele ya mlango ule miezi mingi, na chakula changu cha kazini kwenye mfuko, sikujua ndani kuna mtu wa kuongea naye Kiswahili. Alitupa chai ya maziwa, akashusha foto ya babu yake. Mimi nikatoa lenzi yangu.

Vifungo vinne. Viwili vya juu vina chapa ya taji. Cha tatu hakina kitu, cha mfupa tu, na uzi wake umepita msalaba wakati vingine vimeshonwa mistari miwili. Kwenye kifuniko cha mfuko wa kushoto, pameliwa na nondo, pametiwa kiraka cha uzi, safi sana, mkono wa fundi. Na begani nyota mbili.

Nikasema kichwani, kiraka hiki ninakijua. Mtu anaweza kusahau sura ya shemeji yake, lakini fundi hasahau kiraka. Nilikuwa nimekiiga kwa sindano siku nne nzima kwenye koti la Mzee Harbans, nikidhani ninamheshimu baba yake.

Mkono wa koti la yule babu ulifika kwenye vidole. Alikuwa mtu mfupi.

Columbus tulikwenda kwa mtu mwenye kituo cha mafuta. Foto yake ilikuwa ofisini, juu ya mashini ya kahawa. Mombasa pia, kiti kilekile. Kifungo cha mfupa, msalaba. Kiraka. Nyota mbili. Huyu alikuwa jitu, mifupa ya mikono inatoka nje ya koti kama ya mtoto aliyekua kwa mwaka mmoja. Ndipo nikateremka kwapani, mahali nilipopaswa kuanza. Hakuna mkunjo hata mmoja. Jitu la namna ile ndani ya koti dogo vile, na kwapa limelala kimya kama limepigwa pasi.

Nikasikia sauti ya Fundi Mulamba, foto haina nyuma, na pini zote zikianguka.

Toka Columbus mpaka Buffalo nilipiga hesabu. Kwenye kichwa changu ilikuwa hivi: picha tatu zitatundikwa kwenye chumba kimoja. Mdogo wa Toronto atatembea kutoka ya kwanza mpaka ya tatu. Ana macho. Atacheka mbele ya watu wa miji mitatu, na kaka yake atakuwa amesimama kando ya koti langu, akiwa hajui kitu. Nikisema, ninamvunja mzee. Nikinyamaza, atavunjwa hadharani, na mimi nikiwa ninajua. Nilijaribu njia ya tatu, ninakiri kwenu: nilifikiri kuipoteza foto ya Columbus. Niliificha siku mbili ndani ya kabati la vilemba. Mama Halina aliikuta, akafikiri nimezeeka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kufungua, Mzee Harbans alikuja kulijaribu koti kabla halijavalishwa sanamu. Nilikuwa nimelimaliza. Niwaambie bila aibu, lilikuwa koti zuri kuliko yote niliyoshona maishani mwangu. Mgongo nilikuwa nimeukata mara tatu. Ulikuwa na mshono katikati unaoshuka kama maji, bitana ya pamba, mpasuo chini wa kukalia farasi. Akalivaa. Likamkubali. Akasimama mbele ya kioo, akaweka mkono kwenye kiti, akainua kidevu. Akakaa hivyo. Halafu akasema polepole, “Sasa yeye akuje.”

Nikaenda kwenye meza. Nikapanga nakala za foto tatu, moja kando ya nyingine, nikaweka lenzi juu yake. Nikamwambia, “Mzee, iko kitu koti limeniambia. Njoo uangalie kifungo cha tatu.”

Aliangalia muda mrefu. Alikuwa fundi wa magari, mtu aliyezoea kutafuta ufa mdogo kwenye chuma. Hakuhitaji nimwonyeshe mara mbili. Alitoka kwenye kifungo akaenda kwenye kiraka, akaenda kwenye mikono, wa mfupi, wa jitu, akarudi kwa baba yake. Akatua lenzi.

“Koti ya mpiga picha,” akasema.

“Ndiyo, mzee. Na halina mgongo.”

Nikamweleza tepe tatu. Nikamweleza Papa Kasongo, na Chuma na sadaka yake, maana mimi nikiogopa ninaongea sana. Hakucheka. Akauliza kama hivyo ni kusema baba yake alichunga nyumbu. Nikamjibu kwamba nyumbu sijui, koti halisemi nyumbu. Linasema tu kwamba nyota hazikuwa zake. Akakaa kwenye kiti, koti mwilini, akaangalia sakafu yenye vipande vya nyuzi.

Basi nikamwambia la baba yangu. Magunia ya mihogo, foto juu ya mlango, ofisi iliyofungwa. Nikamwambia, “Tepe nilimfunga mimi kwa mkono wangu.”

“Alisema nini wakati ulifunga?”

“Alisema nikaze. Hakupumua mpaka Papa Kasongo alipomaliza.”

Mzee Harbans akaangalia foto ya baba yake tena, kifua, shingo. “Hata hii yangu,” akasema, “haipumui.” Na hapo ndevu zikaanza kutikisika. Nilifikiri analia, nikatafuta kitambaa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akaigonga kwa kiganja, akasema kwamba baba yake alikaa na ile picha miaka arobaini, sebuleni, na kila Jumapili alipanga watoto wote mbele yake wasimame wima, na mgongoni alikuwa na upepo wa Mombasa. Akaipigia foto ulimi, tk tk tk, taratibu, kama mtu anayemtuliza mnyama.

Halafu akasimama, akanigeuzia mgongo. “Kata.”

Nikajifanya sikusikia. Nikamwambia koti ni la onyesho, Mama Halina ataninyonga, na Jumamosi ni kesho kutwa.

“Wewe ndiyo ulisema mbele inasema nyuma iko aje,” akasema. “Sasa imesema. Kata.”

Wanangu, fundi anakata kitambaa kila siku na hasikii kitu. Lakini kukata mgongo ule, wenye mshono wangu wa katikati, ilikuwa kama kujinyoa nyusi. Nilitumia mkasi wa Mama Halina, uleule wa suruali ya askari mwekundu. Nilikata kandokando ya mabega, nikashuka kwapa la kulia, nikashuka la kushoto, mgongo ukaanguka miguuni petu mzima mzima. Nikachukua mabaki ya kitambaa cha kilemba, nikapasua tepe tatu, nikazishona hapohapo akiwa amesimama, akanionya nisimchome. Ndani alikuwa amevaa sweta jekundu, rangi ya damu ya mzee, lile linalovaliwa na kila mstaafu wa Kenmore. Nikamfunga tepe ya juu, ya katikati, ya chini.

“Kaza,” akasema.

Nikakaza.

Akajiangalia kwenye kioo, mbele. Hapakuwa na tofauti hata kidogo. Nyota zake mbili, kiraka chake, kifungo chake cha mfupa. Koti lilimkaa vizuri kuliko dakika kumi kabla. Akachukua foto ya baba yake, ile halisi, akaiweka kwapani. Nikamwuliza Jumamosi tutaweka nini kwenye sanamu. Akasema sanamu ipumzike. Yeye ndiye mkubwa, na miaka kumi na moja alikaa akingoja mdogo amfuate. Sasa yeye ndiye atakayemfuata mdogo, Toronto, leo, akiwa amevaa hivi.

“Mzee, nje ni baridi,” nikasema. “Na ndugu yako akicheka?”

“Akicheka,” akasema, “nitageuka aone yote.”

Akafungua mlango, akatoka. Hakuaga. Mama Halina alikuwa anarudi na mkate, wakapishana kwenye ngazi. Yeye aliona mbele tu, nyota na vifungo, akamwambia umependeza, akaingia ndani, akaukuta mgongo sakafuni. Jumamosi sanamu ilisimama tupu na ukutani palibaki msumari, na hakuna aliyetokea, mkubwa wala mdogo. Basi la Kenmore nililiangalia wiki nyingi. Hakurudi tena, na kama mdogo wake alicheka au hakucheka, sijui mpaka leo.

Lakini siku ile mimi nilikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliiona foto kwa nyuma. Mzee mmoja anashuka barabara, kilemba cha buluu, kifua mbele, hatua za jeshi. Tepe tatu, sweta jekundu katikati, upepo wa ziwani unaingia na kutoka. Watu kituoni waligeuka. Yeye hakugeuka.